Kocha Aliyewauliza Wachezaji Wake: Kisa cha Timu Moja ya Malindi, Ramadhani ya 2018

Mwaka 2018 Ramadhani iliingia katikati ya Mei ikatoka katikati ya Juni. Kwa mwalimu wa michezo wa shule ya upili huku Pwani, hesabu hiyo ilikuwa nzito. Mwezi mzima wa saumu ulikuwa umeangukia muhula wa pili, na muhula wa pili ndio muhula wa kandanda katika michezo ya shule za Kenya. Mechi za kanda na za kaunti ndogo huchezwa mapema. Anayeshinda huenda kaunti, kisha hukutana na mabingwa wa kaunti nyingine za Pwani, kisha taifa. Mei si mwezi wa kulegea.

Kisa ninachokichambua kilitokea katika shule moja ya kutwa mjini Malindi, ya wavulana na wasichana, ambako nilikuwa nikifundisha Kiswahili na kuandika kumbukumbu za kamati ya michezo. Sitataja majina, kwa sababu wengi wa wahusika walikuwa watoto wakati ule na sasa ni watu wazima wenye shughuli zao. Timu ya wavulana ilikuwa na wachezaji 18. Waislamu walikuwa 11, wa Shela, Barani na Majengo. Wale 7 waliobaki walikuwa Wagiriama na watoto wa watu wa bara, wakazi wa Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo. Kocha alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati, kijana wa Kakamega, aliyeletwa Malindi na TSC, tume inayowaajiri walimu wa Kenya, mwaka uliotangulia. Alikabidhiwa timu kwa sababu mwalimu aliyekuwa nayo alihamishwa, na pia kwa sababu ya kwao. Shule za Kakamega zimebeba kombe la taifa mara nyingi, na kwetu iliaminika kwamba mtu wa huko hawezi kukosa kutuletea angalau kikombe kimoja.

Hakuleta kikombe. Timu ilitolewa nusu fainali ya kaunti ndogo. Lakini nimewaona makocha walioshinda kuliko yeye wakiondoka Malindi bila mtu wa kuwasindikiza stendi, na nimeyaona yaliyomfika yeye. Ninavyokielewa kisa hiki, malipo yake yote yalitoka mahali pamoja. Alikuwa na jambo kubwa asilolijua, akawaomba wanafunzi wake wamfundishe, kisha akayafuata waliyomfundisha.

Muhula wa kusi

Kandanda ya shule huchezwa wakati Malindi iko katika hali yake ngumu kuliko zote. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ikiisha, watalii, wengi wao Waitaliano, hurudi kwao. Masika yakianza Aprili, hoteli nyingi hufunga hadi Julai, na wahudumu, wapishi na watunza bustani huambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Wakati huohuo kusi, upepo wa kusini, inavuma, bahari imechafuka nje ya miamba, na mvuvi mwenye ngalawa au dau dogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Kwa hiyo nyumba zinazokula kwa hoteli na nyumba zinazokula kwa bahari huishiwa kwa pamoja. Masika ya 2018 yalipita kiasi. Mto Sabaki ulifurika ukawahamisha watu upande wa Magarini, vichochoro vya mitaa yetu vikawa madimbwi, na kiwanja cha shule kikalala chini ya maji.

Serikali imekuwa ikilipia masomo ya shule za kutwa tangu 2008, lakini chakula cha mchana na michango mingine humrudia mzazi, na mzazi aliyefungiwa hoteli hana cha kutoa. Ndiyo maana muhula wa pili ni muhula ambao wanafunzi wetu hupotea. Walimu tulizoea kuliona hilo kwenye madaftari ya mahudhurio, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake: utoro, ufuo, marafiki wabaya, muguka (majani ya kulevya yanayotafunwa). Kocha naye aliyapokea maelezo hayo kama alivyoyakuta. Nayataja mapema kwa kuwa ndiyo yaliyobadilika zaidi baadaye, ingawa hakuna aliyetarajia mpira uyabadilishe.

Swali

Katika ofisi ya walimu kulikuwa na rai mbili. Wa kwanza alisema wanaofunga wapumzishwe mwezi mzima, timu ichezwe na wale 7 pamoja na vijana wa kidato cha kwanza. Kanuni za mpira zinaruhusu timu kuanza mechi na watu 7, lakini hakuna anayetaka kufika huko kwenye mchujo. Wa pili alisema mazoezi yaendelee kama kawaida kuanzia saa kumi, anayeweza aje, asiyeweza akae. Rai zote mbili zilitolewa kwa nia njema, na wote wawili hawakuwa wamemwuliza mchezaji hata mmoja.

Kocha alimwita kapteni. Huyu alikuwa beki wa kati, mtoto wa mvuvi wa Shela. Darasani hukuisikia sauti yake, kiwanjani ilifika barabarani. Kocha alimweleza waziwazi kwamba alikokulia Waislamu walikuwa wachache, hajui saumu inaufanya nini mwili wa mchezaji wala sheria yake inasema nini, na hataki kumkosea mtu. "Nifundishe," akamwambia.

Kapteni alikaa kimya, kisha akasema: "Mwalimu, mimi najua kufunga tu. Sheria anaijua Ustadh. Twende kwake."

Walikwenda baada ya sala ya alasiri, nami nikawafuata, maana Ustadh huyo ndiye aliyenifundisha alifu na bee utotoni. Kocha alimwamkia shikamoo, akaketi mkekani na daftari lake la fizikia. Ustadh alipendezwa na lile daftari kuliko kitu kingine chochote. Alimweleza kwamba saumu ni faradhi kwa aliyebaleghe, kwamba mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwamba hilo limo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kocha akauliza swali ambalo mtu wa mpira lazima angeuliza: je, safari ya mechi ni safari?

Nakumbuka Ustadh alivyojiweka sawa. Sisi watu wa mwambao tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii safari yenye ruhusa ni ya marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Kutoka Malindi hadi mji wa Kilifi ni kama kilomita 60, kwa hiyo mchezaji anayekwenda Kilifi kucheza mechi ya kaunti hana ruhusa ya msafiri. Mombasa ni kama kilomita 120, hiyo ni safari. Lakini hata hapo, akaongeza, awe ameutoka mji kabla ya alfajiri. Aliyepambazukiwa nyumbani akiwa amefunga, kisha akapanda basi saa mbili, humaliza siku yake. Kocha aliandika yote, akachora mstari kutoka Malindi hadi Mombasa na kuweka alama pale ruhusa inapoanzia, akamgeuzia Ustadh daftari akague. Ustadh alilikagua kama mwalimu anavyosahihisha zoezi.

Tulipokuwa tunaaga, Ustadh alimwambia jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko hesabu ya marhala. Alimwomba asimwulize kijana yeyote mbele ya wenzake kama amefunga. Kijana anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa ameshindwa siku hiyo, na ukimwuliza hadharani umemweka kati ya uongo na aibu.

Kocha alilishika hilo mwezi mzima. Ratiba ikawa moja kwa wote 18. Ndoo ya maji iliyozoea kukaa kando ya kiwanja iliondolewa. Mwenye kiu alijua kwamba nyuma ya maabara kuna bomba, na hakuna aliyetumwa kuangalia nani amekwenda. Wale 7 wasiofunga hawakuambiwa wafiche maji yao. Walianza wenyewe kwenda bombani mmoja mmoja, kimya, na kurudi wakiwa wamejifuta midomo.

Saa ya mwisho kabla ya magharibi

Saa ya mazoezi ilipangwa na wachezaji. Kapteni alieleza kitu ambacho kila mtoto wa Malindi anakijua kwa tumbo lake bila kukifikiria. Hapa tuko kwenye nyuzi kama 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo urefu wa siku haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na saumu yetu ni kama saa 13 na robo, iwe Juni, iwe Disemba. Magharibi ya Mei huingia karibu na saa kumi na mbili na robo. Ukimkimbiza mtu saa kumi, anabaki na kiu yake zaidi ya saa mbili. Ukianza saa kumi na moja na robo, anamaliza na adhana inaadhiniwa.

Kocha alikubali palepale, na darasani akaligeuza kuwa swali: kwa nini Mwislamu wa London hufunga zaidi ya saa 18 mwezi huohuo wa Juni na wa Malindi hafiki hata 14? Wanafunzi waliosinzia kwenye somo la mwanga waliamka, wakagombania chaki kuchora dunia iliyoinama.

Saa moja bila mbio nyingi ni muda mfupi kwa kocha, na hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Aliacha mizunguko ya kiwanja. Aliwafundisha vitu vya kusimama na kufikiri: kona, frikiki, penalti, mabeki wanne kupanda kwa pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea, na kipa kupanga ukuta. Kapteni ndiye aliyekuwa akihesabu hatua za mabeki kwa sauti. Anayejua mpira atakubaliana nami kwamba timu nyingi za shule huyapuuza haya kwa sababu kukimbia kunaonekana kuwa kazi zaidi. Timu yetu ilifungwa mabao machache msimu ule kuliko misimu iliyotangulia, na yetu wenyewe mengi yalitokana na mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki.

Halafu kuna jambo ambalo ratiba ile ilileta bila mtu kulipanga. Adhana ilipoingia, wachezaji 11 waliofunga walikuwa kiwanjani, mbali na nyumbani. Siku ya kwanza kapteni alitoa tende mfukoni akagawa. Kipa, Mgiriama wa Muyeye anayesali kanisani, alikimbilia bombani akarudi na jagi, akawa anawamiminia wenzake mmoja mmoja. Wakafuturu wakiwa wamesimama, wakatandika leso wakasali pembeni ya goli, na wale wengine wakangoja. Hakuna aliyeambiwa angoje.

Habari ikafika majumbani. Katika mafundisho yetu, anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake bila ujira wa mfungaji kupungua, na akina mama wa Malindi hawaiachii nafasi kama hiyo ipite. Jagi la kipa lilipata wenzake haraka: uji wa pilipili manga ndani ya chupa ya chai, kaimati kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, viazi vya karai, sambusa. Mama yake kipa naye akatuma mhogo wa nazi kwa tuktuk, na alimwagiza dereva asirudi bila sufuria. Kocha aliyefika Malindi akila peke yake kwenye kibanda karibu na stendi akawa hana jioni isiyo na mwaliko. Mama yake kapteni alimwita nyumbani Shela, na kocha alipojikunyata mlangoni akisema hataki kuwasumbua watu mwezi mtukufu, alijibiwa: "Ingia, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kaimati ndani ya karatasi

Kuna winga mmoja wa Barani, kijana mwepesi wa miguu, aliyekuwa na sifa mbaya ofisini kwetu kwa kukosa shule. Mazoezini hakukosa. Kocha aligundua kwamba kila jioni kijana huyu anakula tende moja na uji, halafu sehemu yake ya kaimati na viazi anaifunga kwenye karatasi ya daftari na kuitia mkobani.

Hakumwuliza. Alikuwa ameshajifunza kwa Ustadh. Alimwuliza kapteni, faraghani, na kapteni alijibu kwa sentensi moja: baba yake winga ni mhudumu wa hoteli iliyofungwa tangu Aprili, na nyumbani kuna wadogo wanne.

Kocha alirudi ofisini akafungua madaftari ya mahudhurio ya miaka iliyopita. Mtu wa hesabu haoni majina tu, huona mpangilio. Majina yaliyopungua Mei na Juni yalikuwa yaleyale mwaka baada ya mwaka, na yalirudi muhula wa tatu hoteli zikishafunguliwa. Mtoro wa kweli hatoroki kwa kufuata msimu wa watalii. Aliniletea karatasi yake, tukaenda kwa mwalimu mkuu. Tulikubaliana kwamba wanafunzi wa orodha ile wasirudishwe nyumbani kwa deni la chakula kabla ya Julai kwisha, na kwamba fomu za basari ya eneo bunge na za ufadhili wa masomo wa kaunti zijazwe mapema, shuleni, kwa msaada wa mwalimu, badala ya mzazi kuambiwa akazitafute. Winga alimaliza muhula. Hakuwa peke yake.

Ninapoyaweka mezani malipo ya kisa hiki, hili naliweka juu ya yote. Shule ilikuwa na madaftari yale kwa miaka. Ilichokosa ni mtu mzima aliyesimama karibu na wanafunzi saa ya kula, akiwa hana kazi ya kuwasimamia, na mwenye mtu wa kumwuliza.

Mechi, kwa kifupi

Waandalizi walikubali kusogeza mechi zetu kutoka mchana kwenda alasiri. Tulishinda za mwanzo, moja kwa bao la kona ambalo kapteni alilifunga kwa kichwa akiwa amefunga tangu alfajiri. Nusu fainali tulifungwa kwa haki na timu iliyotuzidi mbio.

Ilikuwa miezi ya mpira mkubwa pia. Fainali ya mabingwa wa Ulaya ilichezwa Kyiv tarehe 26 Mei, saa tatu na dakika 45 usiku kwa saa yetu, watu wakiwa wametoka tarawehe, sala ya usiku ya Ramadhani. Mohamed Salah alipotoka uwanjani ameumia bega kipindi cha kwanza, mji mzima uliguna. Siku chache baadaye zikafika habari za kipa wa Tunisia, Mouez Hassen. Katika mechi za kirafiki dhidi ya Ureno na Uturuki alijilaza chini kama aliyeumia jua lilipokuwa linatua, wenzake wakakimbilia kando ya uwanja kupata tende na maji. Mechi zote mbili ziliisha 2-2. Kipa wetu alisimama katikati ya wenzake akamwuliza kocha: "Mwalimu, nikijilaza mimi nisiyefunga, refa ataniamini?" Timu ilicheka hadi mazoezi yakasimama, na kwa muda wote uliobaki wa msimu kila kipa alipoteleza, watu walipiga kelele wakiitisha tende.

Kilichotokea Julai

Mapema Julai kocha alifiwa na baba yake. Msimu ulikuwa umekwisha, hakuna aliyekuwa na haja naye tena ya mpira. Mchango ulianzia Shela, kwa mama yake kapteni, ukazunguka Barani, Muyeye na Maweni. Nyumba ambazo Mei zilikuwa hazina kitu zilitoa walichokuwa nacho. Kisha ikaamuliwa kwamba pesa pekee hazitoshi, waende watu. Tulikwenda mimi, Ustadh, baba yake kipa, mjomba wake kapteni na kapteni mwenyewe kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Kutoka Malindi hadi Kakamega kupitia Mombasa na Nairobi ni karibu kilomita 1,000, usiku na mchana kwenye mabasi.

Katika mazishi ya huko watu ni wengi na kila ujumbe hutajwa unakotoka. Tulipotangazwa kwamba ni watu wa Malindi, wazee waliuliza kama kijana wao ameoa Pwani. Ustadh alisimama na kofia yake, akatoa pole kwa niaba ya mji, akaeleza kwa ufupi: "Tumekuja kwake kwa sababu yeye alikuja kwetu kwanza, akatuuliza." Mama mjane alimshika mkono asimwachie kwa muda mrefu.

Kocha aliniambia njiani siku tuliporudi naye kwamba alipokubali timu alitarajia cheti cha michezo, labda jina lake kusomwa kwenye gwaride. Alitarajia pia kuchoka. Hakutarajia kupata watu.

Je, ni kocha, au ni Ramadhani?

Nilipokisimulia kisa hiki kwa walimu wenzangu wa shule nyingine, mmoja alinipinga vizuri. Alisema Ramadhani yenyewe ni mwezi wa ukarimu. Kundi lolote la vijana lililokutwa nje na adhana ya magharibi hapa kwetu litalishwa, awe kocha huyu au mwingine.

Hoja hiyo nimeipima kwa kuangalia nyuma. Ramadhani iliangukia muhula wa pili 2016 na 2017 pia, katika shule ileile, na baadhi ya wachezaji walikuwa walewale. Kocha wa wakati huo alikuwa Mwislamu, mwenyeji, mtu mwema aliyeijua saumu na sheria zake zote. Kwa huruma yake aliwapumzisha waliofunga, wakaenda nyumbani saa tisa, na timu ikajikongoja na waliobaki. Hakukuwa na jagi, hakukuwa na mhogo wa nazi, na winga alikuwa mtoro kwenye madaftari yetu. Kujua kulimtosha, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza. Yule wa Kakamega alilazimika, na mwanafunzi aliyemfundisha mwalimu wake jambo lenye maana hujiona anadaiwa lifanikiwe. Kapteni hakuwahi kuchelewa mazoezini mwezi ule. Ratiba ilikuwa yake.

Darasani ilikuwa hivyohivyo. Wachezaji waliomwona mwalimu akisema "sijui" mbele ya Ustadh walianza kunyoosha mikono kwenye fizikia na kusema hawajui. Kapteni alisimama siku moja akasema hajaelewa kabisa nguvu na mwendo tangu kidato cha pili. Kwa kijana aliyekaa miaka kimya, hiyo ilikuwa hatua kubwa, na mwalimu alirudi naye mwanzo, akitumia mpira wa kona kama mfano. Sidai kwamba wote walipata alama nzuri kwenye mtihani wa kitaifa. Nadai kwamba waliuliza.

Kuna upande ambao kisa hiki hakiufikii, nao unaniuma. Timu ya wasichana haikupata lolote kati ya haya mwaka 2018. Msichana wa Shela au Barani hawezi kuwa kiwanjani adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Anatarajiwa awe nyumbani tangu alasiri, jikoni, akiandaa futari hiyohiyo iliyopelekewa kaka zake. Ratiba iliyowafaa wavulana iliwafungia wasichana mlango. Anayetaka kuiga kisa hiki aanze na swali la kocha, asianze na saa zake.

Mwaka 2019 Ramadhani iliingia mapema Mei, na mwalimu wa kike aliyekuwa na timu ya wasichana aliwauliza wachezaji wake. Jibu lao lilikuwa tofauti kabisa. Walitaka Jumamosi na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daku ikiwa bado tumboni, ili saa tatu wawe wamerudi nyumbani. Waliotaka kucheza na hijabu walishajua kwamba kanuni za mpira zimeruhusu vazi la kichwa tangu 2014, na wakamwonyesha mwalimu. Kikwazo kilikuwa njia, kwa kuwa saa ya kutoka nyumbani bado kuna giza la mwisho na wazazi hawakuwa tayari. Bibi yake mmoja wa mabeki, mkazi wa Barani, akasema atatembea nao. Aliwakusanya mlango kwa mlango, akakaa chini ya mkwaju hadi mazoezi yaishe, akawarudisha. Wazazi waliokataa wiki ya kwanza waliwaruhusu mabinti zao wiki ya pili, kwa ajili yake.

Kocha wa Kakamega alipotimiza miaka 5 kituoni, muda ambao TSC humtaka mwalimu mpya akae kabla ya kuomba uhamisho, aliomba kuhamia karibu na mama yake, akapewa. Ramadhani nayo imeendelea kurudi nyuma, na kufikia 2024 ilikuwa imefika Machi, katika muhula wa kwanza, muhula wa mpira wa vikapu, hoki na mpira wa mikono. Kandanda ya shule haitakutana nayo tena hadi miaka ya 2040. Walimu wa michezo hiyo mingine shuleni kwetu sasa hukaa na wachezaji wao kabla ya mwezi kuandama na kuwauliza saa. Na timu ya wasichana inapopeleka orodha yake ya mashindano, baada ya jina la kocha na msaidizi wake huja jina la yule bibi wa Barani, mlezi wa timu.